Filamu Yako ni ya Mwaka Gani? Mwongozo Kamili wa Tarehe, Tuzo na Orodha za Desemba

Kwenye mpira wa Bongo kuna umri wa uwanjani na umri wa nyumbani. Mchezaji ana miaka 19 kwenye karatasi za usajili, lakini aliyekaa naye dawati moja shule ya msingi Temeke ana watoto watatu na mvi. Tunacheka, ligi inaendelea. Filamu nazo ziko hivyohivyo, ila huku hakuna anayedanganya, kwa sababu umri wa filamu kweli ni zaidi ya mmoja. Kuna siku ilipokamilika mezani kwa mhariri. Kuna siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha, siku ya uzinduzi na zulia lake jekundu, siku tiketi ya kwanza ilipouzwa, na siku ilipoingia kwenye televisheni au mtandaoni. Tarehe hizo zinaweza kupishana hata miaka miwili. Kila tuzo, na kila mhakiki anayetoa orodha yake ya filamu kumi bora Desemba, huchagua moja tu kati ya hizo na kuzifumbia macho zilizobaki.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa meneja uzalishaji wa filamu moja ya dakika 83 tuliyopiga Kigamboni na Mbagala. Fedha zilituishia tukiwa kwenye uhariri, mtayarishaji akauza haki za televisheni ili walau watu wa taa na sauti walipwe. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Ikaonyeshwa usiku wa Idi mosi. Wiki tatu baadaye tukaiingiza sinema, watu wakaja, tukapiga picha, mama yangu akavaa gauni jipya. Mwezi wa tisa nikakaa kujaza fomu ya tuzo moja ya nje. Ukurasa wa pili kulikuwa na swali: je, filamu hii imewahi kuonyeshwa kwenye televisheni au intaneti kabla ya kuingia ukumbi wa sinema? Visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula chipsi mayai.

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza filamu na anataka isifungiwe mlango kwa sababu ya kalenda, na pia wa mtazamaji anayependa kuandika orodha yake ya mwaka. Huyu wa pili anaweza kushuka moja kwa moja hadi sehemu ya orodha, ila akisoma yote ataelewa kwa nini orodha yake hailingani na ya binamu yake aliyeko London.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la tarehe kabla ya kuonyesha chochote

Liwe daftari la kawaida au jedwali kwenye kompyuta, haijalishi. Andika mistari mitano: kukamilika, tamasha la kwanza, uzinduzi, kuanza kuuzwa tiketi, televisheni na mtandao. Kwa filamu ambayo bado haijatoka, mistari hiyo iwe mitupu, na usiruhusu hata mmoja ujazwe bila kuulizana.

Hapa Dar tuna kosa letu la kudumu: tunadhani uzinduzi ndio kutoka kwa filamu. Wageni waalikwa wanakuja, viongozi wanahutubia, wasanii wanahojiwa, kesho yake magazeti yanaandika "filamu yatoka". Kwa macho ya watoa tuzo wengi, usiku ule haukuwa kitu. Ukumbi uliojaa watu wasiolipa ni sherehe. Filamu imetoka siku mtu wa kawaida alipotoa hela yake dirishani, akapewa tiketi, akaingia.

Ndani ya daftari hilohilo weka ushahidi. Kibali cha Bodi ya Filamu chenye daraja la umri, maana kwa sheria yetu ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 filamu hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani. Mkataba na ukumbi. Ratiba ya maonyesho kama ilivyotangazwa na ukumbi wenyewe. Ripoti ya mauzo ya tiketi, siku kwa siku. Piga picha bango lako likiwa limebandikwa pale Mlimani City au popote ulipo. Wakati wa shangwe unaona ni upuuzi, lakini miezi minane baadaye, meneja wa ukumbi akiwa ameshahama na nywila ya mfumo wa tiketi ameondoka nayo, utanishukuru.

Hatua ya pili: jua dirisha lako linafunguliwa lini na kufungwa lini

Shabiki wa Simba au Yanga hahitaji kufundishwa maana ya dirisha. Uwe na mguu wa dhahabu, ukisajiliwa siku moja baada ya dirisha kufungwa utakaa jukwaani na sisi. Tuzo nazo zina madirisha, na hayafanani.

Oscar, tuzo kubwa za filamu za Marekani, kwa vipengele vyake vikuu hufuata mwaka wa kalenda: Januari 1 hadi Desemba 31, sherehe ikija mwaka unaofuata. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tuzo za kwanza, zilizotolewa Mei 16, 1929, zilihusu filamu za kuanzia Agosti 1, 1927 hadi Julai 31, 1928. Mwaka wa kalenda ulianza kutumika kwa filamu za 1934. Na hata leo si msahafu: corona ilipofunga kumbi, dirisha la filamu za 2020 lilisogezwa hadi Februari 28, 2021, na sherehe ikafanyika Aprili. Waliofuata wakabaki na miezi kumi, kuanzia Machi 1 hadi Desemba 31, 2021. Ndiyo maana filamu ya *Judas and the Black Messiah*, iliyotoka Februari 2021, ilishindana na za 2020. Anayeitafuta kwenye orodha za 2020 au za 2021 ataikuta kwa hawa na kwa wale.

Sharti la tarehe huenda na sharti la mahali. Filamu ndefu, yaani ya zaidi ya dakika 40, ionyeshwe siku saba mfululizo kwenye ukumbi wa biashara katika moja ya maeneo sita ya Marekani: Los Angeles, New York, San Francisco na majirani zake, Chicago, Atlanta, au Dallas na Fort Worth. Maonyesho matatu kwa siku, na walau moja lianze kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kwa tuzo ya Filamu Bora wameongeza mzigo tangu filamu za 2024: baada ya wiki ile ya kwanza, filamu isambae kwenye masoko kumi kati ya 50 makubwa ya nchi hiyo ndani ya siku 45. Kwa mtayarishaji wa Sinza hiyo ni hadithi ya ng'ambo, tusonge mbele.

Mlango ulio karibu na sisi ni Filamu Bora ya Kimataifa. Huu una kalenda yake, tena inayohama. Kwa Oscar za 2024 dirisha lilikuwa Desemba 1, 2022 hadi Oktoba 31, 2023. Kwa za 2025 likawa Novemba 1, 2023 hadi Septemba 30, 2024. Kwa za 2026, Oktoba 1, 2024 hadi Septemba 30, 2025. Umeona lilivyotembea? Aliyekariri tarehe za mwaka wa kwanza akaingiza filamu sinema Oktoba mwaka uliofuata alikuta mlango umefungwa. Kwa hiyo kila kanuni mpya zinapotangazwa, pakua waraka wenyewe usome kipengele chako. Usitegemee sauti ya WhatsApp ya mtu "aliyewahi kupeleka".

Nyingine nazipitia haraka. Emmy, ambayo ni ya televisheni, huhesabu kuanzia Juni 1 hadi Mei 31. FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, Burkina Faso, hufanyika kila baada ya miaka miwili, miaka ya witiri, kwa hiyo ukiikosa 2025 unasubiri 2027, na kufikia hapo filamu yako inaweza kuwa imezeeka kwao. Tamasha la Cannes, Ufaransa, wanataka filamu iliyotengenezwa ndani ya miezi 12 kabla ya tamasha na isiyowahi kuwekwa kwenye intaneti. Tamasha la Zanzibar, ZIFF, lenye ngome yake Ngome Kongwe, kwa miaka mingi limekuwa la katikati ya mwaka, ila tarehe zake nazo husogea. 2024 lilifanyika Agosti mwanzoni.

Hatua ya tatu: zihesabu siku saba kwa vidole

Kwa kipengele cha kimataifa, filamu ionyeshwe siku saba mfululizo kwenye ukumbi wa sinema wa biashara, watu wakilipa. Kwa kawaida unafanya hivyo nchini kwako. Siku saba mfululizo maana yake ni hiyohiyo. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za wiki mbili ni siku sita zilizokatika katikati.

Hakuna mahali sheria hii ilionekana kwa uchungu kama Nairobi, 2018. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na bodi ya uainishaji filamu ya Kenya mwezi Aprili. Mei ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Watu walisimama kuishangilia Ufaransa, nyumbani kuitazama ni kosa. Shida ya Oscar ikawa hapo: bila siku saba za sinema kabla ya Septemba 30, haiwezi hata kufikiriwa na kamati ya Kenya. Mwongozaji akaenda mahakamani. Ijumaa, Septemba 21, Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku saba tu, kwa watazamaji wazima. Jumapili, tarehe 23, ikaingia sinema, foleni hadi nje, hadi Jumamosi, tarehe 29. Siku moja kabla ya dirisha kufungwa. Kisha marufuku ikarudi.

Na baada ya mbio zote hizo kamati ya Kenya ikaichagua filamu nyingine, *Supa Modo* ya Likarion Wainaina. Hilo nalo liandike daftarini: kutimiza tarehe kunakupa haki ya kusimama kwenye mstari, na mstari ni mrefu. Hadi Oscar za 2026 kila nchi ilipeleka filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati inayotambuliwa na Akademi, chombo cha Marekani kinachotoa Oscar. Kutoka zote hizo hupatikana orodha ya 15 mwezi Desemba, kisha tano Januari.

Sasa hesabu ya Dar. Kumbi zetu hubadilisha filamu Ijumaa, kwa hiyo wiki ya sinema ni Ijumaa hadi Alhamisi. Chukua dirisha lililofungwa Jumanne, Septemba 30, 2025. Ukianza Ijumaa ya tarehe 26, siku ya saba inaangukia Oktoba 2, nje ya mstari. Mimi siwezi kulala na hesabu ya namna hiyo, ningehakikisha siku zote saba zinaishia ndani. Kwa hiyo Ijumaa ya mwisho ni tarehe 19. Lakini nani anaanza Ijumaa ya mwisho? Kibali kikichelewa siku mbili, au projekta ikigoma, au likaja jitu kubwa la mashujaa wa katuni kutoka Marekani likazoa vyumba vyote vya ukumbi, umekwisha. Weka Agosti. Na kwenye mkataba na ukumbi andika wazi kwamba hizi ni siku saba zisizokatika, hata kama Jumanne mchana wataingia watu wanne. Meneja atataka kuitoa Jumatatu kupisha kinachouza, na ana haki ya kutaka, biashara ni biashara. Wewe uwe na karatasi. Ikibidi nunua viti vya maonyesho ya mchana uwagawie wanachuo wa Mlimani.

Hatua ya nne: usianzie sebuleni

Hili ndilo lililonila mimi, na linaendelea kuwala watu kila mwaka. Filamu ikianzia kwenye televisheni au mtandaoni kabla ya sinema, kwa Oscar imeshatoka uwanjani. Mwaka 1994 Linda Fiorentino aliigiza kwenye *The Last Seduction* na wahakiki wakampigia makofi, lakini filamu ilikuwa imeshapita kwenye chaneli ya HBO kabla ya kuingia kumbi za Marekani. Hakuruhusiwa kuwania. Uigizaji wake haukupungua hata chembe. Ni mpangilio tu wa tarehe mbili uliopinduka.

Huku kwetu mitego iko mitatu. Wa kwanza ni kuuza haki za televisheni bila kuweka tarehe ya mapema kabisa ya kurusha. Chaneli haina kosa, imenunua chakula, inakula. Andika kwenye mkataba: hairushwi kabla ya tarehe fulani, na tarehe hiyo iwe baada ya siku zako saba na nafasi ya kupumua. Wa pili ni YouTube. Mtu wa matangazo anapandisha "dakika kumi za mwanzo" ili kuchokoza watu, au mhariri anapandisha filamu nzima kumwonyesha mwigizaji aliyeko Mwanza na anasahau kuifunga. Trela inatosha. Kwa majaribio tumia kiungo chenye nywila. Wa tatu ni ule wa zamani, filamu kuvuja na kuishia kwenye vibanda umiza na flashi za Kariakoo. Kuibiwa si sawa na kutoa, ila weka kumbukumbu ya taarifa uliyotoa polisi na Bodi, isije ikaonekana uliitoa mwenyewe.

Hatua ya tano: lugha, kwa kifupi

Kwenye kipengele cha kimataifa zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe si ya Kiingereza. Mwaka 2019 Nigeria ilipeleka *Lionheart*, Akademi ikaiondoa kwa sababu karibu yote ilikuwa Kiingereza. Kiswahili kinatulinda, lakini angalia waigizaji wa Masaki na Oysterbay wanaochanganya lugha kila sentensi. Hesabu dakika, na tengeneza manukuu ya Kiingereza mapema.

Hatua ya sita: tamasha halianzishi saa, ila linaweza kukufungia milango mingine

Chukua *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021. Iliiwakilisha Tanzania kwenye Oscar za 95, ambazo sherehe yake ilikuwa Machi 12, 2023. Mwaka mmoja na nusu katikati! Watu wengi hapa mjini walidhani imechelewa au imerudishwa kinyemela, kumbe siku ya tamasha haihesabiwi kama kutoka. Hata *The Hurt Locker* ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice 2008, ikaingia kumbi za Marekani kiangazi cha 2009, ikashinda Filamu Bora Machi 2010.

Kwa hiyo unaweza kuzungusha filamu kwenye matamasha mwaka mzima bila kuchoma dirisha la Oscar. Kinachochomeka ni kingine: matamasha makubwa yanataka yawe ya kwanza kuionyesha duniani, au angalau nje ya nchi yake. Ukiipa onyesho la kwanza tamasha dogo la rafiki yako, Cannes na Berlin wanaweza kupoteza hamu. Panga kutoka juu kushuka. Subiri jibu la kubwa, kisha la kati, kisha nyumbani. Najua subira hiyo inauma ukiwa na mkopo, lakini onyesho la kwanza ni moja na halirudishwi dukani.

Tanzania, kwa njia, haikuanzia 2022. *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ilipelekwa kuwania Oscar za filamu za 2001. Miaka ishirini na moja kati ya moja na nyingine, na naamini uhaba wa filamu nzuri si sababu pekee. Karatasi na kalenda zimechangia.

Hatua ya saba: ukikosa mlango wa mbele, zunguka nyuma

Brazil ilipeleka *Cidade de Deus* kuwania tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni, jina la zamani la Filamu Bora ya Kimataifa, baada ya kutoka kwao 2002. Haikuingia hata tano bora. Lakini ilianza kuonyeshwa kibiashara Marekani Januari 2003, kwa hiyo kwa vipengele vya kawaida ikahesabika filamu ya 2003. Oscar za 2004 ikatajwa mara nne: uongozaji, muswada, upigaji picha na uhariri. Filamu ileile, umri wa pili. Wangeiingiza Los Angeles wiki ya mwisho ya Desemba, ingeshindana mwaka uleule ambao hakuna aliyekuwa ameiona.

Mfano uliokithiri ni wa Chaplin. *Limelight* ilitoka 1952, wakati Marekani imemfungia mlango na kumbi nyingi zikaisusa. Los Angeles haikuonyeshwa hadi 1972. Machi 1973 ikashinda Oscar ya muziki, ikiwa na miaka ishirini na mvi.

Mwezi gani, basi?

Watu watakwambia Desemba, kwa sababu wapiga kura wana kumbukumbu fupi. Kuna ukweli. Mwaka 1978 *The Deer Hunter* ilionyeshwa wiki moja tu Desemba ili ihesabike, ikaondolewa, ikarudi Februari ikiwa na sifa mdomoni mwa kila mtu, ikabeba Filamu Bora. Ni mbinu ya wenye fedha. Ila *The Silence of the Lambs* ilitoka Februari 14, 1991 ikashinda mwaka mmoja na zaidi baadaye. *Everything Everywhere All at Once* ni ya Machi, *Oppenheimer* ya Julai. Filamu inayokumbukwa haisubiri Krismasi.

Kwa Dar swali gumu zaidi ni fedha. Wiki ya Idi kumbi hujaa, Ramadhani kiza kikiingia watu wako kwenye futari, na Ramadhani yenyewe hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikusaidii. Masika ya Aprili yakikaba Jangwani, nusu ya watazamaji wako hawafiki. Ukiona tarehe ya mauzo mazuri imegongana na tarehe ya tuzo, fuata mauzo. Mimi ndivyo ningefanya. Tuzo zina bahati ndani yake. Kodi ya vifaa haina.

Kwa mwandika orodha: sema unatumia saa ipi

Mgeni akikwambia mkutane saa mbili, unamuuliza: ya Kiswahili au ya Kizungu? Zote mbili ni sahihi, balaa ni kutouliza. Orodha za filamu za mwaka nazo zina saa zake.

Saa ya kwanza ni ya onyesho la kwanza popote duniani. IMDb, ile tovuti ya kumbukumbu za filamu, hutumia hiyo, ndiyo maana *The Hurt Locker* utaiona na 2008 na *Casablanca* na 1942, ingawa Oscar yake ni ya filamu za 1943: New York iliiona Novemba 1942, Los Angeles Januari. Saa ya pili ni ya kuingia kumbi za nchi ya mhakiki. *Parasite* kwa Mmarekani ni ya Oktoba 2019. Kwa Mwingereza ilianza Februari 7, 2020, siku mbili kabla ya ushindi wake wa Oscar, kwa hiyo anaweza kuiweka kwenye kumi bora zake za Desemba 2020 bila kukosea. Saa hii hufika mbali: *L'Armée des ombres* ya Jean-Pierre Melville ni ya 1969, lakini Marekani haikutoka kibiashara hadi 2006, na wahakiki wa New York wakaipa tuzo ya filamu bora ya kigeni ya 2006. Mwongozaji alikuwa amefariki tangu 1973.

Saa ya tatu ni yetu: mwaka ambao mtu wa Dar aliweza kuiona kihalali. Vishindo vya Hollywood hufika hapa wiki ileile, lakini filamu za tuzo mara nyingi hazipiti sinema kabisa, tunazipata mtandaoni miezi baadaye. Mimi natumia saa hii, na mbele ya kila jina naandika mwaka wa onyesho la kwanza. *Binti* ya Seko Shamte, kwa mfano, ni ya 2021, hata kama wewe umeigundua ilipofika Netflix. Niliwahi kuandika kwa saa ya Wamarekani, nikajikuta nusu ya orodha ni filamu nilizozisoma bila kuziona. Nilijisikia kama mchambuzi wa redio anayesimulia mechi aliyoisikia kwa jirani.

Ukishachagua saa, fuata mambo haya. Weka orodha tangu Januari, filamu moja moja unapozitazama, na tarehe, ili ya Februari isimezwe na ya Novemba. Usiogope kutofautiana na magazeti ya nje: wahakiki wa New York hupiga kura mapema Desemba na majarida hufunga kurasa kabla ya hapo, kwa sababu wao huonyeshwa mapema filamu ambazo hazijatoka. Wewe hualikwi. Anayeshindana nao kwa kasi huishia kunakili. Filamu ya tamasha uliyoiona Ngome Kongwe na haijaja sinema, iweke pembeni kwenye kijiorodha chake, usiihesabu mara mbili. Filamu ya zamani iliyorudishwa nayo ipe kona yake, la sivyo kila mwaka kumi bora zako zitaliwa na marehemu.

Na usichapishe Desemba. Ligi ina dirisha dogo, linaingia hadi Januari, na mimi nimeliiga. Orodha yangu ya mwaka huu ina nafasi tisa zilizojaa na ya kumi nimeiacha wazi kwa penseli hadi Januari 15. Kaka mmoja wa kijiweni kwetu Sinza ameshanipigia mara mbili kuiombea filamu aliyoiona Nairobi mwezi wa kumi na moja. Nimemwambia ikifika Dar tutaongea.